Mstari wa kwanza unaimbwa mara mbili: siku saba kutoka Chicago mpaka Mississippi kufuata blues

SIKU YA KWANZA, JUMATANO USIKU. NDANI YA TRENI

Naandikia kwenye simu. Treni imeondoka Union Station hapa Chicago kama dakika 20 zilizopita, taa za mji zimeanza kupungua dirishani. Inaitwa City of New Orleans, inaondoka saa mbili usiku na kuteremka kusini usiku kucha, mi nashuka Memphis alfajiri. Ndege ingenifikisha haraka zaidi ila niliitaka hii reli, kwa sababu ndo reli yenyewe, ya ile kampuni ya zamani ya Illinois Central iliyowaleta watu weusi wa Mississippi huku kaskazini. Kati ya 1910 na 1970 watu kama milioni 6 walihama kusini ya Marekani wakakimbilia miji ya kaskazini na magharibi, na waliokuja Chicago wengi walikaa kwenye viti vya reli hii hii. Muddy Waters, yule mpiga blues mkubwa, alikuja nayo 1943, sanduku moja na gitaa. Wao walikuwa wanapanda, mi nateremka, nataka kuona walikotoka.

Nieleze kidogo ilianzaje. Nimefanya kazi ghala moja hapa Chicago miaka tisa sasa, na zamu ya usiku kuna mzee mmoja mweusi, wazazi wake walihamia hapa kutoka Mississippi, anaendesha foklifti na redio ndogo kaifunga kwa waya pembeni. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa sielewi hata lafudhi yao, sina mtu wa kupiga nae stori, nikawa nasikiliza hiyo redio yake tu. Usiku mmoja ukapita wimbo mwanaume anaimba mstari, anarudia mstari ule ule, alafu anatoa mwingine wa kuufunga. Nikasimama na boksi mkononi. Nikajisemea, huyu ni babu!

Yaani hivi. Babu mzaa baba aliletwa Korogwe miaka ya 50 na SILABU, lile shirika lililokuwa linakusanya vibarua kwa ajili ya mashamba ya mkonge, akitokea Kigoma. Alikuwa manamba. Aliyekulia Tanga anajua hilo neno lina uzito gani. Unapewa kipande chako, ile kadi ya kazi, siku ukifanya kazi inajazwa, siku usipomaliza kazi yako haijazwi, na kengele yao ilikuwa chuma cha reli kimening'inizwa kwenye mwembe, nyapara anakigonga kwa nondo kabla hakujapambazuka. Mi nilimkuta babu mzee tayari, kastaafu, ila jioni akikaa kunoa panga lake alikuwa anaimba pole pole, na kaimba kwa Kiswahili maana kambini kulikuwa na makabila yote:

Kengele imelia, mwezi bado uko juu
Kengele imelia, mwezi bado uko juu

Alafu kulikuwa na mstari wa tatu. Nimeusahau. Miaka tisa sasa kila nikisikiliza blues naukumbuka ule wimbo na kila nikifika mstari wa tatu nakuta pametupu.

Ambao hamjui blues imekaaje, umbile lake la kawaida ni dogo sana, vipimo 12 vya mapigo manne manne, sauti tatu za gitaa ambazo wapigaji wa bendi wanaziita kodi, na ubeti wa mistari mitatu, wa kwanza na wa pili ni mmoja, wa tatu unajibu. Basi. Ndani ya kibanda hicho kidogo wamekaa watu zaidi ya miaka mia na hawajamaliza kusema. Swali langu la safari nzima ni moja tu, kwanini wanarudia.

SIKU YA PILI, ALHAMISI. MEMPHIS

Nimefika saa kumi na mbili na kitu asubuhi, shingo inauma lakini nina furaha. Mtu akishuka hii stesheni anaweza kutembea kwa miguu mpaka Lorraine Motel, ndo nilichofanya kabla hata ya chai. Ile moteli aliyouawa Martin Luther King, tarehe 4 Aprili 1968, sasa ni makumbusho ya haki za raia. Kibarazani pale nje ya chumba namba 306 wameweka shada la maua. Alikuja Memphis kwa ajili ya mgomo wa wazoa taka, wanaume kama 1,300, waliobeba mabango yanayosema mimi ni mwanaume. Nimesimama pale chini mda mrefu, hakuna aliyekuwa anaongea, hata watoto wa shule waliokuja na mwalimu walinyamaza wenyewe.

Nimeanza na huko kwa makusudi. Watu wengi wanaanza na Beale Street wanapiga picha na taa za rangi alafu wanasema wameiona blues. Beale Street nimeenda jioni, ni nzuri, kuna sanamu ya W.C. Handy ameshika tarumbeta lake, huyu ndo aliyechapisha nota za blues mwaka 1912 dunia ikaanza kuinunua, lakini kwa sasa ni mtaa wa wageni, kila mlango spika, na nyimbo ni zile zile kumi ambazo wageni wanazijua. Sikukaa.

Kilichonigusa hapa Memphis ni redio. Mwaka 1948 stesheni ya WDIA ilianza kuwaweka watangazaji weusi, na mda si mrefu ikawa ya kwanza Marekani kupanga vipindi vyake vyote kwa ajili ya wasikilizaji weusi. Kijana mmoja aliyetoka mashambani, Riley King, akapata kipindi, akawa anaitwa kijana wa blues wa Beale Street, jina likafupishwa fupishwa mpaka likabaki B.B. Hebu fikiria uko shambani saa sita mchana, umechoka, unafungua redio unasikia mtu anaongea kama mjomba wako. Kwetu Korogwe redio ilikuwa ya jirani mmoja, sisi wengine tulisikilizia dirishani kwake.

Sun Studio pia nimepita, Union Avenue namba 706, chumba kidogo kuliko sebule ya mtu. Wageni wote walikuwa wanaulizia Elvis. Mi nilisimama kwenye kona nikamuwaza Howlin' Wolf, alirekodi humu 1951, jitu la futi sita na zaidi lenye sauti kama gogo linavutwa juu ya mawe, na Sam Phillips mwenye studio alisema mpaka uzeeni kwamba huyo ndo msanii mkubwa kuliko wote aliowahi kuwarekodi.

SIKU YA TATU, IJUMAA. BARABARA YA 61 MPAKA CLARKSDALE

Nimekodi gari nimeshika 61 kuelekea kusini. Dakika 40 tu nje ya Memphis vilima vinaisha, ardhi inalala kama mkeka, hakuna kilima, hakuna kichuguu, anga imeshuka mpaka kwenye udongo. Hii ndo wanaiita Delta, japo mdomo wa mto Mississippi uko mbali sana huko Louisiana, hapa ni bonde kati ya mito miwili, Mississippi na Yazoo, mafuriko ya maelfu ya miaka yameacha udongo mweusi wa kina kirefu. Na ni mwezi wa kumi, pamba imeiva. Nyeupe pande zote mbili mpaka macho yanauma, na pembeni ya mashamba kuna marobota ya duara makubwa kama vibanda, yamefungwa plastiki ya pinki na ya njano.

Nilisimamisha gari nikashuka nikachuma tumba moja. Pamba yenyewe laini, ila ganda lake likikauka lina ncha zinachoma vidole. Mkonge una mwiba ncha ya jani, pamba ina miiba ya kuzunguka kile unachokitafuta. Mtu mzima alikuwa anatarajiwa kuchuma kilo 90 kwa siku, wengine zaidi. Pamba haina uzito jamani, fikiria kilo 90 za kitu kinachopeperuka.

Mfumo wao baada ya utumwa ulikuwa huu: unapewa kipande cha ardhi na kibanda, mwenye shamba anakukopesha mbegu, chakula na nguo dukani kwake, Desemba mnapiga hesabu, na kalamu anaishika yeye. Wengi mwaka uliisha wanadaiwa. Ukidaiwa huondoki. Kusoma hesabu zake ni kumuita muongo, na kumuita muongo mzungu wa Mississippi miaka ile ilikuwa ni kujichimbia kaburi. Sasa ukijua hilo ndo unaelewa kwanini nyimbo nyingi hivyo ni za barabara na treni na kuondoka alfajiri bila kuaga. Zamani nilidhani ni mapenzi tu. Mwanamke anayeondoka kwenye wimbo wakati mwingine ni mwanamke, na wakati mwingine nadhani ni njia ya kumtaja bwana shamba bila kumtaja.

Nje kidogo ya Clarksdale, upande wa kusini, kuna shamba la Hopson, hapo 1944 ndo walipoonyesha mashine za kuchuma pamba, zao zima kuanzia kupanda mpaka kufunga marobota bila mkono wa mtu. Mashine moja ilifanya kazi ya watu wengi, vibarua wakawa hawana kazi, treni za kaskazini zikajaa zaidi. Mahali fulani huku wanalaza wageni kwenye vibanda vya wale vibarua vilivyotiwa kiyoyozi. Niliangalia nikashindwa. Sisemi wanaolala pale wana ubaya, ila mi nimezaliwa kambini, nyumba ya vyumba viwili mgongo kwa mgongo na jirani, siwezi kulipia usiku mmoja wa hiyo hali ili nipige picha. Nimechukua moteli ya kawaida ya barabarani.

Mchana wote niliumalizia Delta Blues Museum, liko kwenye ghala la zamani la mizigo ya reli. Ndani wamehifadhi mabaki ya kibanda cha Muddy Waters chenyewe, magogo yale yale kutoka shamba la Stovall. Agosti 1941 watafiti wawili walimfuata pale na mashine ya kurekodi, Alan Lomax wa maktaba ya bunge la Marekani na John Work wa chuo cha Fisk, na huyu Work, profesa mweusi, amesahaulika sana kwenye hii stori na inaniuma. Muddy alikuwa dereva wa trekta. Wakamrekodi, alafu wakamchezea sauti yake. Mtu wa karibu miaka 30 anajisikia kwa mara ya kwanza, anagundua anasikika kama wale wa kwenye santuri. Baada ya miaka miwili alikuwa kwenye treni. Niligusa gogo moja, sijui kama inaruhusiwa.

SIKU YA NNE, JUMAMOSI. TUTWILER, PARCHMAN, ALAFU USIKU

Hii siku ni ndefu mnivumilie.

Asubuhi Tutwiler, kijiji kidogo kusini mashariki ya Clarksdale. Stesheni haipo tena, kuna reli na ukuta umechorwa picha. Hapa karibu mwaka 1903 W.C. Handy, yule wa sanamu, alikuwa anasubiri treni iliyochelewa masaa tisa, akasinzia, akaamshwa na mtu mmoja mweusi mwenye nguo zilizochanika, viatu vidole vinaonekana, anapiga gitaa kwa kusugua kisu juu ya nyuzi. Handy alikuwa mwanamuziki msomi, kiongozi wa bendi, akasema hajawahi kusikia muziki wa ajabu kama ule. Na alichoandika baadae kwenye kitabu cha maisha yake ndo kimenileta mpaka hapa: yule mtu alikuwa anaimba mstari mmoja, kwamba anakwenda pale reli mbili zinapokatana, na aliurudia mara tatu. Mara tatu! Hakuna jibu. Jina lake halijulikani mpaka leo. Nilikaa kwenye nyasi karibu na reli nikajaribu kuimba wa babu mara tatu bila kufunga, na kumbe inawezekana, inakaa vizuri tu, inakuwa kama mtu anayetembea.

Sio mbali, nje kidogo ya kijiji, kuna kaburi la Sonny Boy Williamson, yule aliyekuwa anapiga hamonika kwenye redio ya Helena upande wa pili wa mto kuanzia 1941, kipindi cha saa sita mchana. Watu wameacha hamonika juu ya jiwe, zimeshika kutu. Sikuwa na hamonika, niliacha tumba langu la pamba.

Ukiendelea na barabara ya 49 unafika Parchman. Ni gereza la jimbo, lilianza 1901, shamba la ekari kama 18,000, halikuwa na haja ya ukuta mrefu maana mtu akikimbia anaonekana kilomita nzima kwenye tambarare ile. Usisimamishe gari, wameandika. Nilipita pole pole tu. Wapiga blues wengine walipita humu, Son House alifungwa humu, Bukka White alifungwa humu. Lomax alirudi na mashine yake 1947 akarekodi wafungwa wakikata magogo na kulima, mmoja anatoa mstari, wenzake wanaurudisha, na mashoka yanatua pamoja kwenye neno. Ule wimbo ulikuwa saa yao. Ukiimba pole pole wote mnafanya pole pole, mgonjwa na mzee hawabaki nyuma, na aliyebaki nyuma ndo aliyekuwa anachapwa. Kwa hiyo kurudia hapo kulikuwa ni kumbeba mtu. Hilo sikuwahi kulifikiria kabla.

Jioni Clarksdale. Kuna vilabu viwili vitatu, nimechagua kimoja kidogo karibu na mto Sunflower, nje huwezi kujua kama kiko wazi. Ndani taa nyekundu, viti vya plastiki, friji la bia linanguruma, watu kama 30, nusu wenyeji nusu wageni. Hakuna jukwaa. Mzee mmoja wa miaka 70 na ushee kakaa kwenye kiti mbele ya amplifaya, kijana kwenye ngoma, basi. Alipoanza nilihisi kifuani kabla ya masikioni. Kodi moja, anaizunguka hiyo hiyo, dakika nne, dakika sita, hata haendi kwenye ya pili, na kidole cha kushoto kavaa kipande cha shingo ya chupa anakitelezesha juu ya nyuzi mpaka gitaa linasema kama mtu anayelia na kuongea kwa wakati mmoja. Zile sauti hazipo kwenye piano, ziko katikati ya vitufe. Mama mmoja mtu mzima aliyevaa vizuri kama anakwenda harusini alisimama akacheza peke yake, macho kafumba, hakuna aliyemshangaa. Na watu wanacheka! Yaani mistari mingine kila mtu anacheka. Wanaosema blues ni muziki wa huzuni hawajakaa chumba kimoja na watu wenyewe.

Wakati wa mapumziko nikamfuata mzee, nikamsalimia kwa heshima, nikamuwekea chochote kwenye ndoo yake, nikamuuliza, samahani mzee wangu, kwanini mstari wa kwanza mnauimba mara mbili? Akaniangalia, akauliza natokea wapi, nikasema Tanzania, akatingisha kichwa pole pole. Akasema hivi, nimejitahidi kukumbuka maneno yake: mara ya kwanza nakwambia, mara ya pili nakuuliza kama umesikia, na wakati nakuuliza, mi mwenyewe natafuta cha kusema.

Nikamuuliza, kwa hiyo wa tatu hauna tayari? Akasema wa tatu akiwa nao tayari wiki zote, basi anaimba wimbo wa mtu mwingine.

SIKU YA TANO, JUMAPILI

Nimelala mpaka saa nne. Nikatoka kutembea, mtaa mmoja kanisa la matofali, milango iko wazi, nikaingia nikakaa nyuma. Mzee wa kanisa anasoma mstari wa wimbo haraka haraka, alafu waumini wanauchukua wanauvuta kwa pamoja pole pole sana, kila mtu na njia yake, hakuna kinanda. Ni ile ile, unasemwa, unarudiwa. Mama aliyekaa pembeni yangu alinipa feni ya karatasi bila kusema neno.

Mchana nilipita nje ya Riverside Hotel. Ilikuwa hospitali ya watu weusi, mwimbaji wa blues Bessie Smith alifia humo Septemba 1937 baada ya ajali usiku kwenye barabara ya 61. Jengo limefungwa. Leo siandiki zaidi.

SIKU YA SITA, JUMATATU. DOCKERY NA HOLLY RIDGE

Kati ya Cleveland na Ruleville kuna shamba la Dockery, lilianza 1895 porini kabisa, likawa na maelfu ya ekari, jineri lake la kuchambulia pamba, duka lake, kituo chake cha treni, na hadi sarafu zake zinazotumika pale pale tu. Mpiga blues Charley Patton alikulia hapa. Akajifunza kwa wakubwa wake, yeye akawafundisha au kuwaambukiza waliofuata, Son House, Howlin' Wolf, na Pops Staples naye alikulia shamba hili hili. Shamba moja! Majengo ya mbao ya jineri yapo mpaka leo, yametunzwa, asubuhi ile nilikuwa peke yangu kabisa na ndege.

Nilimweka Patton kwenye simu. Rekodi za 1929 zina mikwaruzo kama mvua ya mabati, inabidi usikilize mara tatu nne ndo sikio linazoea, ila ukishazoea utashangaa, mtu mmoja anapiga gitaa, anapiga boksi la gitaa kama ngoma, anaimba, alafu anajijibu kwa sauti nyingine kama kuna mtu wa pili chumbani. Jumamosi walikuwa wanakusanyika hapa, wamelipwa kwa sarafu za shamba, wanacheza mpaka alfajiri. Nikawaza kambi yetu siku ya mshahara, ngoma za Wanyamwezi kona hii, Wamakonde kona ile, nyapara siku hiyo anapita mbali.

Patton kazikwa Holly Ridge, kijisehemu kati ya Indianola na Leland, makaburi yako jirani na jineri. Alikufa 1934, na jiwe la kaburi kapata 1991, mwanamuziki John Fogerty ndo alilipia. Miaka 57 bila jiwe. Na mwezi huu wa kumi nyuzi nyuzi za pamba zimepeperushwa na upepo zimenasa kwenye majani juu ya kaburi. Mtu aliyekimbia pamba maisha yake yote, amekufa nayo inamfuata. Nilikasirika kidogo, nikainama nikazitoa moja moja.

SIKU YA SABA, JUMANNE. INDIANOLA, MONEY, MEMPHIS USIKU

Makumbusho ya B.B. King Indianola yamejengwa kushikana na jineri la matofali alilowahi kufanyia kazi mwenyewe, na kaburi lake liko hapo hapo. Alizaliwa 1925 kibanda kimoja karibu na Itta Bena, akafa 2015. Ile stori ya gitaa lake kuitwa Lucille wengi mnaijua, kilabu kilishika moto Arkansas 1949, wanaume wawili waligombania mwanamke wakaangusha pipa la mafuta ya taa, yeye akarudi ndani ya moto kuokoa gitaa. Ila mi napenda zaidi stori ya trekta. Mwaka 1946 alivunja bomba la moshi la trekta la bosi, akaogopa, akatoroka kwenda Memphis kwa binamu yake Bukka White. Alafu akarudi. Akafanya kazi akalipa deni, ndo akaondoka tena kwa amani. Na alikuwa akisimulia mwenyewe kwamba akikaa kona ya mtaa hapa Indianola, akiimba nyimbo za dini watu walimpiga piga begani wakamsifu, akiimba blues walimpa hela. Ukimsikiliza gitaa lake halichezi wakati anaimba. Anaimba yeye, ananyamaza, linaimba lenyewe. Hapo na gitaa ndo linarudia mstari kwa niaba yake.

Kuna picha za Kinshasa 1974 pia, lile tamasha la kabla ya pambano la Ali na Foreman, B.B. King jukwaa moja na akina Franco na Tabu Ley. Baba yangu alikuwa anamuabudu Franco. Siamini kama alijua kwamba siku zile zile huyu jamaa alikuwa pale pale.

Kutoka hapo Greenwood, alafu barabara ya Money. Mpiga blues Robert Johnson kazikwa pembeni ya kanisa dogo la Little Zion chini ya mti, au tuseme hili ni moja ya makaburi matatu yenye jina lake. Alikufa 1938 akiwa na miaka 27, kaacha nyimbo 29 tu. Ile habari ya kuuza roho kwa shetani njia panda nimeichoka, naomba niseme ukweli wangu. Kijana alikuwa hajui gitaa wakubwa wakamcheka, akaenda zake Hazlehurst akapata mwalimu, wakawa wanapiga usiku makaburini ambako hawamsumbui mtu, akarudi anajua. Ni mazoezi. Kumpa shetani kazi ya mikono ya mtu mweusi sio haki.

Kilomita chache mbele ndo Money penyewe, magofu ya duka yamefunikwa na mimea. Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyetoka Chicago kusalimia ndugu zake, alipanda hii hii reli niliyopanda mimi. Agosti 1955. Walioshtakiwa kwa kumuua waliachiwa, wazee wa baraza wote wazungu walijadiliana saa moja na dakika kadhaa. Nilizima redio ya gari. Kutoka pale mpaka Memphis sikusikiliza chochote.

Sasa hivi ni saa nne usiku, nimesharudisha gari, niko stesheni Memphis, treni ya kwenda Chicago inakaribia saa tano. Nyumbani Korogwe ni saa kumi na mbili alfajiri. Nikajua shangazi keshaamka, nikampigia.

Shikamoo shangazi. Marahaba baba, za huko, mbona usiku usiku, kuna tatizo? Nikamwambia hakuna tatizo, nauliza ule wimbo wa babu, wa kengele, mstari wa tatu unasemaje. Kimya. Nikasikia jogoo huko Korogwe. Akacheka kile kicheko chake cha pumzi. Akasema mwanangu ule wimbo haukuwa na mstari wa tatu mmoja, babu yako alikuwa anaubadilisha kila siku. Mtoto akiumwa anaimba habari ya mtoto. Siku ya mshahara anaimba habari ya deni la dukani. Nyapara akimkata siku yake anamuimba nyapara, ila kwa fumbo, wenzie wanaanguka kwa kicheko na nyapara hajui.

Nikamwambia nipe hata mmoja tu, wowote unaoukumbuka. Akakohoa, akaimba yote mitatu, sauti ya bibi wa miaka 74 kwenye spika ya simu, na mwanaume mmoja aliyekaa benchi la mbele yangu na begi lake akageuka akasikiliza:

Kengele imelia, mwezi bado uko juu
Kengele imelia, mwezi bado uko juu
Jogoo mwenyewe kalala, mi nimemtangulia